Harusi Ndogo Katika Njia ya Matondoni

Nyuma ya mji wa Lamu, pale nyumba za mawe zinapokwisha na mchanga unapoanza, iko njia iendayo Matondoni. Mwendo wake ni kama saa mbili kwa mtu asiye na haraka, na punda mwenye mzigo hatofautiani naye sana. Wageni wengi wajao Lamu hawaijui njia hii. Wao huufuata ukingo wa bahari mpaka Shela, wakautazama msikiti wa Ijumaa uliojengwa mwaka 1829, wakaogelea, wakarudi. Njia ya Matondoni haina hoteli wala duka. Ina minazi, miembe mikubwa, mikwaju, visima vya zamani ambavyo kingo zake za mawe zimelika kwa kamba, na mabanda ya makuti ya watu wanaoishi mashambani mwao mwaka mzima. Mwisho wake ni kijiji cha Matondoni chenyewe, upande wa pili wa kisiwa, ambako mafundi wangali wakiunda majahazi kwa mkono na wanawake wakisuka mikeka.

Katika mwezi wa Shaaban uliopita nilialikwa kufungisha nikaha katika shamba moja lililoko kati ya njia hiyo. Nilifuatana na mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye kazi yake mjini Mombasa ni kupiga picha za harusi upande wa wanawake. Safari ya basi kutoka Mombasa ni ya siku nzima: Malindi, kisha Garsen na daraja la mto Tana, kisha Witu, hata Mokowe ambako barabara hukomea majini na abiria wakaingia botini. Mpwa wangu alisafiri na kamera zake mapajani, zimefungwa ndani ya leso mbili, akakataa katakata kumpa utingo aziweke juu.

Ilikuwa kaskazi kali. Watu wa bara wakisikia kuwa Disemba mpaka Machi ndiyo majira yetu ya joto hushangaa, kwani kwao mwaka mzima wa pwani ni joto tu. Lakini aliyezaliwa huku ajua kuwa joto la kaskazi lina uzito wake. Hata usiku ukuta wa mawe hupumua moto. Hata hivyo ndio msimu wa ndoa, hasa mwezi unapokaribia kuwa wa Ramadhani, na kila mwenye kijana aliyechumbia hutaka mambo yamalizike kabla ya mfungo.

Familia yenyewe sitaitaja, kwani ni katika sharti tulilowekeana. Itoshe kusema kuwa bibi harusi ni mwalimu wa chekechea, na bwana harusi ni fundi wa majahazi. Baba yake binti alikwishafariki. Shamba lilikuwa la baba huyo, na ndani yake anaishi mama yake mzazi, bibi kizee ambaye miguu haimchukui tena hata kuufikia msikiti ulio karibu. Mwanzoni walitaka kufanya sherehe katika ukumbi mjini, viti mia tatu, jukwaa, mataa na yote yafuatanayo na hayo. Binti ndiye aliyekataa. Alisema: ikiwa nyanya hawezi kuifuata harusi, harusi itamfuata nyanya. Basi orodha ikakatwa, ikakatwa tena, hata wakabaki watu thelathini na wanane, wake kwa waume, na baadhi yao watoto.

Nami sifichi kuwa nilifurahi. Kumbi zetu za siku hizi zimekuwa mahali ambapo mtu hulipa kodi ya saa sita kwa fedha za miaka miwili, kisha akaanza maisha ya ndoa akiwa na deni la viti vilivyovikwa nguo. Walima haukuwekwa kwa ajili hiyo. Anas bin Malik (r.a.) amepokea kuwa Mtume (s.a.w.), aliporudi kutoka Khaybar na kumwoa Bi Safiyya binti Huyayy (r.a.), alikaa njiani siku tatu, na walima wake haukuwa na mkate wala nyama. Zilitandikwa ngozi chini zikawekwa tende, maziwa yaliyokaushwa na samli, na Waislamu wakala. Hiyo ilikuwa harusi ya safarini, mbali na mji, bila ya ukumbi wala hema la fahari. Na alipomwambia Abdulrahman bin Auf (r.a.) afanye walima, alimtajia mbuzi mmoja. Shambani kwetu walichinjwa wawili, kwa hiyo tulikuwa tumezidisha.

Lakini makala haya si ya pilau. Ni ya picha, kwa sababu picha ndizo zilizokaribia kuivunja furaha ya nyumba ile.

Tulipofika jioni ya kuamkia siku ya harusi, tulimkuta mama wa bibi harusi ameketi barazani akichambua mchele. Alitukaribisha kwa heshima zote, maji ya madafu na mahamri, kisha alipoiona mikoba ya kamera uso ukambadilika. Akanigeukia mimi, si mpwa wangu.

"Maalim," akasema, "mimi sina ugomvi na huyu mwanangu. Lakini hicho chombo sikitaki ndani ya uwa wangu."

Kisa chake si kigeni kwa wasomaji wetu. Miaka michache nyuma, jamaa yao mmoja alifanyiwa kupamba katika ukumbi uliojaa wanawake. Picha zake, akiwa na nywele wazi na mapambo yake yote, zilifika katika simu za wanaume hata kabla hajayavua maua. Nani aliyezituma? Hakuna aliyekiri, wala hakuna awezaye kumshika mtu, kwani simu ukumbini zilikuwa zaidi ya mia tatu. Bwana harusi alizionyeshwa kibarazani na mtu asiyemjua. Ndoa ile ilikaa miezi minne.

Mama huyu alikuwa na haki ya kuogopa. Upande wa pili, binti alikuwa na haja yake, nayo haikuwa ya kujionyesha. Kaka yake wa pekee, wa baba na mama mmoja, anafanya kazi Doha, na mkataba wake haukumruhusu kuja. Kwa mujibu wa madhehebu yetu ya Shafi, baba akiwa hayupo na babu mzaa baba hayupo, walii wa binti ni kaka huyo. Yeye ndiye mwenye kuozesha, na alikuwa maelfu ya maili mbali. Wako wanaouliza: kwa nini asiozeshe kwa simu ya picha? Baraza la Fiqhi la Kimataifa lililoko Jeddah liliwahi kutoa uamuzi mwaka 1990 kuhusu mikataba inayofanywa kwa vyombo vya mawasiliano. Likaikubali biashara, likaitoa nikaha, kwa kuwa nikaha yataka mashahidi wahudhurie. Njia iliyo salama ni uwakala. Kaka aliandika barua akamweka ami yake kuwa wakili wa kuozesha kwa niaba yake, na barua ile nilikuwa nayo mfukoni.

Basi fikiri, ndugu msomaji: mtu amemwozesha dada yake wa pekee kwa ulimi wa mtu mwingine, katika shamba alilozaliwa, mbele ya nyanya aliyemlea ambaye huenda asimkute tena. Aombacho ni picha. Je, anyimwe?

Usiku ule tulizungumza mpaka taa ya sola ikafifia. Suala la kwanza ambalo watu hupenda kuliuliza, yaani kama picha ya kamera ni halali au haramu, halikuchukua muda. Wanazuoni wamehitilafiana, na hitilafu yao ni mashuhuri. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika risala akieleza kuwa picha ya kamera ni kukizuia kivuli cha kitu kilichokwisha kuumbwa, wala si kuumba. Wengine, kama Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudia, walikaza, wakaruhusu pale penye dharura kama vile kitambulisho na pasipoti. Kila mmoja ana dalili zake, nami sikwenda shambani kuwapatanisha. Nilichomwambia mama ni hiki: hofu yako haihusu jinsi picha inavyopigwa. Yahusu ni nani atakayekuwa nayo kesho.

Na hofu hiyo ni ya zamani pwani hii kuliko simu. Omar Said Bakor alipofungua studio yake mjini Lamu katika miaka ya 1960, akawa anakata picha na kuziunga na kuzizungushia mapambo kwa ustadi ambao hata wataalamu wa Ulaya wamekuja kuuandikia, wake zetu walikuwa wakipigwa picha, na picha zile zikifungiwa kabatini pamoja na dhahabu. Mombasa palikuwa na Studio ya Parekh, ambako maarusi wengi wa Kiswahili walikwenda siku chache baada ya harusi wakiwa wamevaa walivyovaa. Wakati huo karatasi ilikuwa moja au tatu, na negativu ilibaki kwa mwenye studio. Familia ilimwamini mtu mmoja, ikamjua kwao na kwa wazazi wake. Akikhini, mlango wake wajulikana. Leo picha moja huzaa elfu kabla kahawa haijapoa, na mlango wa kugonga haupo.

Hapo ndipo nilipoona faida ya harusi ndogo ambayo sikuwa nimeifikiria. Watu mia tatu huwezi kuwawekea ahadi. Watu thelathini na wanane waweza, tena mmoja mmoja, kwa majina yao.

Mpwa wangu, ambaye ni mwepesi wa maneno kuliko mimi, alimweleza mama kazi yake inavyokwenda. Kamera yake ina nafasi mbili za kadi, na kila picha huandikwa katika zote mbili kwa wakati mmoja, kwani kadi huweza kufa ghafla na harusi hairudiwi. Akasema: "Mama, kadi hizi si zangu. Ni mpya, umezinunua wewe katika malipo yangu. Nikimaliza nazitoa mbele yako. Moja utashika wewe, moja bibi harusi. Mimi nitarudi Mombasa na kamera tupu." Mama akauliza kama hawezi kuwa amezificha mahali pengine. Mpwa wangu hakukasirika. Alimfungulia kamera, akamwonyesha, na akazima mbele yake ile sehemu inayoiunganisha kamera na simu. Akaongeza jambo ambalo wengi wetu hatulijui: kuifuta picha katika kadi hakuiondoi, programu za kawaida tu huweza kuirudisha. Kwa hiyo anayekwambia "usijali, nimefuta" hajakuhakikishia kitu. Kadi yenyewe ndiyo ya kushikwa.

Simu za wageni zilipatiwa pakacha. Ilikubaliwa kuwa kila mwanamke aingiaye uwani ataiweka simu yake humo, na pakacha litafunikwa leso na kulindwa na binti wa miaka kumi na mmoja ambaye, nilivyoambiwa baadaye, hakumwachia hata shangazi yake mwenyewe aliyedai kuwa ana mgonjwa hospitalini. Alimwambia simu ikilia atamwita.

Asubuhi nilizunguka shamba na mpwa wangu akitafuta mahali pa mwanga. Sijui kama wasomaji wamewahi kufikiri jinsi jua letu lilivyo adui wa picha. Lamu iko nyuzi mbili tu kusini mwa ikweta, na mwishoni mwa kaskazi jua la adhuhuri husimama karibu wima juu ya utosi. Mwanga huo hushuka moja kwa moja, ukayajaza macho kivuli kama mashimo na kuifanya pua ing'are. Chini ya makuti nako kuna balaa nyingine: vitundu vya jua hupenya na kumtia mtu madoadoa usoni kama kanga. Mchanga mweupe hurusha mwanga kutoka chini. Na kubwa kuliko yote ni nguo zetu. Kamera hupima mwanga kwa kutaka kila kitu kiwe cha wastani. Ukiielekeza kwenye kanzu nyeupe huifanya ya kijivu, ukiielekeza kwenye buibui huliosha likawa la kijivu pia. Mume na mke wakisimama pamoja, mmoja mweupe pe na mwingine mweusi ti, yataka mpigaji aamue mwenyewe, asiiachie mashine.

Dawa yake haikuwa vifaa. Alitandaza shuka nyeupe juu ya kamba ya kuanikia, mbele ya baraza inayotazama kaskazini ambako jua halifiki, ikawa inarudisha mwanga laini kwa aliyeketi kivulini. Akaweka saa zake: kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa kumi jioni. Katikati hapo, akasema, wacha watu wale na walale. Hili liliafikiana vizuri na mpango wetu, kwani nikaha ilikuwa baada ya swala ya Alasiri.

Upande wa wanaume alimpa kazi hiyo mpwa wa bwana harusi, mvulana wa miaka kumi na minne, kwa simu. Alimfundisha kwa dakika tano chini ya mnazi. Pangusa kioo kwa ncha ya kanzu, kwa kuwa simu hukaa mfukoni na mafuta ya pilau. Usivute picha kwa vidole. Sogea kwa miguu yako. Ukiona mikono imeshikana, usiangalie nyuso, angalia mikono.

Tuliketi juu ya mikeka chini ya mwembe. Niliisoma barua ya uwakala kwa sauti, mashahidi wakaisikia. Simu moja ilikuwa imewekwa wazi juu ya mto ili kaka aliyeko Doha asikie, bila ya kuwa na sehemu yoyote katika nikaha yenyewe. Mtandao shambani ulikuwa ukija na kuondoka kama upepo. Baada ya khutba, ami akamshika bwana harusi mkono. Ami ni mtu wa miaka sabini, mvuvi, na vidole vyake viwili havikunjuki. Bwana harusi naye ana mkono wa mtu anayeshika shoka na keekee. Waliposhikana, nilimsikia mvulana akisogea mchangani magotini. Ijabu ikatoka, kabuli ikajibiwa, mahari yakatajwa. Ndani ya uwa vigelegele vikapaa kabla sijamaliza dua, nami nikaikatisha, kwa kuwa hakuna dua iwezayo kushindana na vigelegele vya wanawake wanane wa familia moja.

Yaliyotokea ndani ya uwa sikuyaona, wala si yangu kuyaona. Nilisikia pembe za vugo zikipigwa, na sauti ya nyanya ikiongoza nyimbo, imara kuliko nilivyotarajia kwa mtu asiyeweza kusimama. Mengine nimeyapata kwa mpwa wangu. Alisema kuwa saa nzima ya kwanza hakumpiga bibi harusi picha kabisa. Alipiga vitu: vikuba vya asumini na mrehani vilivyolala ndani ya sinia yenye maji, chetezo kikifuka udi, viatu vya watoto mlangoni, hina iliyokauka katika viganja vya binti, mkeka mpya ambao nyanya aliusuka mwenyewe miezi mitatu na ambao ndio uliotandikwa maarusi wakaketi. Wanawake walipomzoea wakasahau kuwa yupo. Katika ukumbi, alisema, wanawake humkodolea macho na kujipanga. Huku walimtuma akalete chumvi.

Nyanya hakuwa amewahi kupigwa picha isipokuwa ya kitambulisho. Mpwa wangu alimwomba ruhusa, naye akauliza swali lile lile la mkwewe: "Ataiona nani?" Akajibiwa: "Atakayeitaka wewe, Nyanya." Akafikiri, akaomba aletewe ushungi wake mzuri, akaketi kivulini mbele ya ile shuka, mikono juu ya magoti. Hakutabasamu. Aliambiwa atabasamu akasema meno yamekwenda na wenyewe.

Kabla ya Magharibi mpwa wangu alifunga kazi, akazitoa kadi mbili mbele ya watu, akakabidhi. Mama wa bibi harusi aliitia yake ndani ya kibweta cha fedha akafunga kwa ufunguo. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu tufike, akamkumbatia.

Kazi ngumu ilikuja asubuhi ya pili: zitumwe picha zipi Doha? Kisheria kaka ni maharimu, na kumwona dada yake katika mapambo yake hakuna ubaya. Lakini kaka halali peke yake. Analala chumba kimoja na wanaume watano, na simu yake, kama simu nyingi, huitia kila picha ipokewayo kwa WhatsApp moja kwa moja katika mkusanyiko wa picha, na pengine ikaipandisha katika hifadhi ya mtandaoni bila ya yeye kujua. Hakuna aliyemtuhumu yeye. Chumba ndicho kilichotuhumiwa.

Watu wengi hudhani serikali imekwishalimaliza jambo hili. Ni kweli tunayo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na chini yake picha ya mtu ni katika mambo yake binafsi; mpiga picha wa kulipwa hawezi kuitangaza bila ya idhini, na ya mtoto yataka idhini ya mzazi. Kamishna wa Data amekwishatoza faini, zikiwemo za mwaka 2023 kwa biashara na shule zilizotumia picha za watu bila ya ruhusa. Hiyo ni kinga, na akina dada waijue kabla ya kuweka saini kwa mpiga picha yeyote. Wasome kama karatasi yake haimruhusu kuzitumia picha zao kujitangazia. Lakini sheria hiyo imeyaacha nje matumizi ya mtu ndani ya familia yake. Shangazi anayemwonyesha jirani, na jirani anayemwonyesha mwanawe, wako huko ambako hakimu hafiki. Huko ni amana tu.

Walichagua kumi na nne. Mikono miwili chini ya mwembe, ya ami na ya bwana harusi, ambayo yule mvulana aliipiga kwa karibu hata kovu la ndoana laonekana. Sinia ya vikuba. Viganja vya hina. Mkeka. Kisima na ndoo. Wanaume wakila pilau, wengine midomo wazi. Bwana harusi peke yake. Bibi harusi kwa nyuma, ndani ya buibui, akiingia mlango ambao kaka yake aliupaka rangi alipokuwa kijana. Zilitumwa kama hati, si kama picha za kawaida, kwa sababu WhatsApp huzibana picha zikapoteza ubora. Naye aliambiwa kwanza aizime ile hali ya simu kujihifadhia picha yenyewe.

Picha ya uso wa bibi harusi haikutumwa. Waliamua ichapishwe moja, iwekwe katika kasha la nyanya mpaka kaka atakapokuja likizo, aione kwa macho yake hapo hapo shambani. Mama aliridhika. Binti alilia kidogo, kisha akaridhika naye.

Ilibaki picha ya nyanya. Mama alitaka nayo iingie kasha hilo hilo. Nyanya, aliyekuwa amelala chumbani mlango wazi tukidhani amesinzia, akaita kutoka ndani.

"Hiyo tumeni. Mimi siwezi kungoja likizo."

Ikatumwa peke yake, mwisho. Hatukupata jibu siku ile, wala siku ya pili. Siku ya tatu, tukiwa tumekwisharejea Mombasa, mpwa wangu alipigiwa simu na bibi harusi. Kaka alikuwa amejibu kwa ujumbe wa sauti. Hakuzitaja nyuso wala mapambo. Aliuliza kwa nini katika picha ya kisima hauonekani mwembe wa upande wa pili, ule mkubwa uliolala, je, umekatwa? Ikabidi aelezwe kuwa mwembe upo. Mpwa wangu alikuwa ameuegemea alipokuwa akipiga picha ile.